Simu Yangu, Kazi ya Mwajiri: Mkataba Uko Wapi?

Ofisi imehama. Haikuhamia jengo jingine wala mtaa mwingine, bali imehamia mfukoni mwa mfanyakazi. Mwalimu hujaza alama za wanafunzi wake akiwa kitandani, karani hupokea agizo la mkubwa wake akiwa matangani, na wakala wa mauzo huandika oda za maduka akiwa ndani ya matatu. Mabadiliko haya yametufikia kimyakimya, hata hatukupata wasaa wa kuuliza maswali ambayo tungaliyauliza papo hapo lau mwajiri angalitaka kuweka kabati lake la faili katika chumba cha kulala cha mwajiriwa wake.

Hoja yangu katika makala haya si ngumu kuieleza. Programu ya kazi inapoingizwa katika simu ya mfanyakazi, masharti ya ajira yake hubadilika. Masharti ya ajira yakibadilika, sharti pawe na mapatano yaliyoandikwa, tena kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa. Kitufe chenye neno "Kubali" si mapatano. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika jambo hili mali inayopotea ni faragha, ni wakati wa kupumzika, na ni shilingi za mfukoni.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mwaka wa 1999, kampuni ya Research In Motion ya mji wa Waterloo nchini Canada ilianza kuuza kifaa cha BlackBerry, ambacho kilimwezesha afisa kusoma barua za kazi popote alipo. Kifaa hicho kiliungwa na seva maalumu iliyowekwa katika ofisi ya mwajiri. Kwa kawaida mambo yalikuwa bayana enzi hizo: kifaa kilinunuliwa na kampuni, gharama za mawasiliano zililipwa na kampuni, na siku mfanyakazi alipoacha kazi, alikirudisha pamoja na ufunguo wa mlango. Aliyetaka simu ya kuzungumza na mkewe alijinunulia yake.

Mpaka huo ulianza kufutika mwaka wa 2007, Apple ilipozindua iPhone, na zaidi mwaka uliofuata duka la programu la kampuni hiyo, App Store, lilipofunguliwa. Wafanyakazi wakaanza kwenda kazini na simu zao wenyewe, zilizokuwa bora kuliko zile walizopewa na ofisi. Mwajiri naye akatambua kwamba hakuna haja ya kununua kifaa iwapo mfanyakazi amekwisha kukinunua. Kilichohitajika ni njia ya kukitawala akiwa mbali. Njia hiyo haikukawia. Mwaka wa 2010 Apple iliweka ndani ya simu zake uwezo wa kusimamiwa na mwajiri kupitia mtandao, nayo Google mwaka wa 2015 ikaleta mpango wa kuigawa simu ya Android vyumba viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha mwenyewe.

Ni vyema msomaji afahamu jinsi usimamizi huo unavyofanya kazi, kwani asiyejua maana haambiwi maana. Simu husajiliwa katika mfumo wa mwajiri, na kuanzia hapo mfumo huo huweza kuilazimisha iwe na nywila, kuingiza programu na kuziondoa, kuifunga inapopotea, na hata kuifuta yote iliyomo. Kiasi cha mamlaka hayo hutegemea namna simu ilivyosajiliwa. Ikisajiliwa kwa mtindo wa vyumba viwili, mwajiri hutawala chumba chake tu, na siku ya kuachana hufuta chake akaacha cha mwenyewe. Ikisajiliwa kama mali kamili ya ofisi, anayebonyeza kitufe akiwa makao makuu anaweza kufutilia mbali picha za harusi pamoja na barua za kazi. Tofauti hiyo ni kubwa mno, lakini mwenye simu huenda asiione, maana kwake yote mawili huanza kwa kubonyeza neno moja.

Kisa kilichotokea Marekani mwaka wa 2019 kinaonyesha waziwazi jinsi mamlaka hayo yanavyoweza kutumiwa vibaya. Apple ina utaratibu wa kuzipa kampuni cheti maalumu. Kampuni yenye cheti hicho inaweza kuingiza programu zake katika simu za wafanyakazi wake bila kupitia App Store na ukaguzi wake. Sharti kuu la cheti hicho ni kwamba kitumike kwa wafanyakazi pekee. Mwishoni mwa Januari 2019, ilifichuka kwamba Facebook ilikuwa imetumia cheti chake kuwapa watu wasio wafanyakazi wake programu ya utafiti iliyopitisha mawasiliano yote ya simu zao mbele ya macho ya kampuni. Walioombwa kuiweka walikuwa wa umri wa kati ya miaka 13 na 35, na walilipwa hadi dola 20 kwa mwezi.

Januari 30, 2019, Apple iliondoa cheti hicho. Papo hapo, programu za kazi ndani ya Facebook zikakoma kufanya kazi katika simu za iPhone: zile za kujaribia matoleo mapya, zile za usafiri wa wafanyakazi, hata ile ya kuonyesha chakula cha mchana. Siku iliyofuata cheti kilirudishwa. Siku hiyohiyo Google nayo iliondolewa chake kwa kosa linalofanana na hilo, kisha ikarudishiwa baada ya saa chache.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mlango uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi ni mpana kuliko mlango wa umma, kwa kuwa hudhaniwa kwamba mwajiri na mwajiriwa wamekwisha kuelewana. Kwa hiyo asiyelindwa na maelewano hayo hana ulinzi mwingine. Funzo la pili ni kwamba hata kampuni tajiri kama Facebook haikuwa mwenye ufunguo. Ufunguo ulikuwa kwa Apple. Ikiwa shirika lenye maelfu ya wahandisi liliweza kuamka likakuta programu zake zimezimwa, seuze halmashauri ya shule au wizara inayotegemea kampuni ya kukodiwa?

Turejee nyumbani. Hapa Kenya tumefuata njia mbili tofauti, na ni muhimu kuzipambanua. Njia ya kwanza ni ya mwajiri kutoa kifaa. Katika sensa ya Agosti 2019, Shirika la Kitaifa la Takwimu liliwapa makarani wake tabuleti, badala ya karatasi zilizozoeleka katika sensa za awali. Vilevile mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua ugavi wa vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na miongoni mwa vifaa hivyo ilikuwemo simu yenye programu ya kunakili taarifa za nyumba wanazozitembelea. Programu hiyo imejengwa juu ya msingi unaoruhusu kazi kuendelea hata mahali pasipo na mtandao. Taarifa huhifadhiwa simuni, kisha hutumwa mawimbi yanapopatikana. Majirani zetu Watanzania walitumia vifaa vya aina hiyo, ambavyo wao huviita vishikwambi, katika sensa yao ya 2022, na baadaye vikakabidhiwa walimu. Katika mifano hii yote, hakuna utata kuhusu ni nani mwenye kifaa.

Njia ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi, nayo ndiyo ya wasomaji wengi wa ukurasa huu. Mwaka wa 2016 Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ilieneza kote nchini mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, TPAD, ambao baadaye ulihamishiwa kwenye mtandao. Tathmini za mtaala wa umilisi nazo zilipoanza, walimu walitakiwa kupeleka alama katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC). Chama cha walimu cha KNUT kililalamikia TPAD kwa sababu iliwalemea walimu kwa kazi ya kujaza fomu. Lakini kuna swali ambalo halikupewa uzito uliostahili: fomu hizo zingejazwa kwa kifaa cha nani, na kwa data iliyonunuliwa na nani? Katika shule isiyo na tarakilishi wala umeme wa kutegemewa, jibu lilikuwa wazi. Ni simu ya mwalimu, na bando la mwalimu.

Fauka ya hayo, kuna programu ya kazi ambayo haikuitwa programu ya kazi. Kikundi cha WhatsApp cha shule kilianza kama mahali pa kupeana pole na kuchangishana fedha za harusi. Leo katika shule nyingi ndicho ubao wa matangazo, ndicho rejista, na ndicho kumbi za mikutano. Agizo hutolewa humo saa nne za usiku, na asiyelijibu huulizwa asubuhi kwa nini. Orodha za alama hupitia humo, na picha za wanafunzi vilevile. Anapohamishwa mwalimu, taarifa zote hizo huondoka naye simuni, na anapoibiwa simu stendi ya mabasi, huenda kwa mwizi. Hakuna aliyeketi akaamua kwamba kumbukumbu za watoto wetu zihifadhiwe hivyo. Zilifika hapo zenyewe kwa sababu palikuwa rahisi.

Urahisi huo una gharama zake. Mwaka wa 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Tusijidanganye kwamba jambo hilo ni la shule za watu wengine. Picha ya namna hiyo leo huanzia katika simu ya mtu binafsi, na yumkini ni ya mwalimu aliyedhani anatekeleza wajibu wake.

Sheria yetu inasemaje? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo faragha ya mawasiliano yake, nacho kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya masharti yafaayo ya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa iwe bayana, isiyo na utata, ya hiari, mahususi, na itokanayo na kufahamishwa. Anayedai kwamba alipewa ridhaa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Ni kweli kwamba sheria hiyo inampa mwajiri misingi mingine ya kutumia data, kama vile utekelezaji wa mkataba. Vyema, basi na huo mkataba uonyeshwe. Mwajiri hawezi kusema kwamba anategemea mkataba, ilhali barua ya ajira ya mwalimu haina hata neno moja kuhusu simu.

Kuna kifungu kingine ambacho hakitajwi sana, nacho kinanigusa kutokana na taaluma yangu. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba iwapo mfanyakazi hajui kusoma au haelewi lugha ambayo mkataba umeandikwa kwayo, au haelewi masharti yake, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha kwamba anaelezwa kwa lugha anayoielewa. Bunge lilitambua, kabla simu hizi hazijaenea, kwamba sahihi juu ya maneno yasiyoeleweka haina maana.

Hapa ndipo isimu inapoweza kutufaa. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1955, alieleza kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Asemaye "naahidi" hasimulii ahadi, bali anaahidi. Hata hivyo, tendo hilo lina masharti yake, na masharti yasipotimia tendo huwa batili. Asiye kadhi akitamka maneno ya kufungisha ndoa, hakuna ndoa. Kubonyeza "Kubali" ni tendo la namna hiyo. Masharti yake ni kwamba anayebonyeza awe anajua anachokikubali, na awe na uwezo wa kukikataa. Mfanyakazi aliyeambiwa kwamba asipoiweka programu hatalipwa marupurupu, na akaletewa kurasa 20 za Kiingereza cha mawakili wa California, hakutenda tendo lolote ila kugusa kioo.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliona jambo hili, kwa maana kina maneno matatu ambayo hatupaswi kuyachanganya. Kuruhusu ni tendo la mwenye mamlaka: baba humruhusu mwana, wala mwana hamruhusu baba. Kukubali kwaweza kutoka hata kwa aliyeshindwa, kama mtu anavyokubali yaishe. Kuridhia ni kukubali ambako moyo umetulia, baada ya kuelewa na kupima. Kioo cha simu humwambia mfanyakazi "ruhusu", kana kwamba yeye ndiye mwenye mamlaka. Mfanyakazi hujibu kwa "kubali" ya aliyeshindwa. Kisha mwajiri huandika katika daftari lake kwamba alipata "ridhaa". Maneno matatu yamefanywa neno moja, na katika kubadilishwa huko haki imepotea njiani.

Kuna watakaosema kwamba nataka turudi kwenye kalamu na karatasi. La hasha! Mgala muue na haki yake umpe. Programu hizi zimepunguza safari za kupeleka fomu makao makuu ya kaunti, na zimewezesha taarifa za mama mjamzito kufika hospitalini bila kusubiri mwisho wa mwezi. Aidha, mwajiri ana haki, tena ana wajibu, wa kulinda taarifa za wateja, wagonjwa au wanafunzi zilizomo simuni. Uwezo wa kufuta taarifa hizo simu inapoibiwa si udhalimu bali ni uangalifu. Ninachopinga ni mamlaka yasiyo na mipaka iliyoandikwa.

Tena tunao mfano wetu wenyewe wa kuthibitisha kwamba teknolojia yaweza kumfuata mtu alipo. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007, menyu yake iliwekwa katika kadi ya simu, hivyo ikaweza kutumika hata katika simu ya bei ya chini kabisa, na mtumiaji akaweza kuichagulia lugha ya Kiswahili. Majina kama "Lipa na M-Pesa" na "Fuliza" hayakumtisha mwanakijiji. Waliounda huduma hiyo walianza kwa kuuliza mteja ana simu gani na anasema lugha gani. Iwapo kampuni ilimuuliza mteja maswali hayo kwa sababu ilitaka fedha zake, mwajiri anashindwaje kumuuliza mfanyakazi ambaye anataka jasho lake?

Napendekeza basi kwamba kila taasisi inayotaka kuingiza kazi zake katika simu za watu iandike waraka mfupi wenye mambo sita. Kwanza, useme kifaa ni cha nani, na kama ni cha mfanyakazi, atalipwa kiasi gani kwa data na uchakavu. Pili, ueleze ni nini mwajiri anaweza kuona na ni nini hawezi: mahali mtu alipo, orodha ya programu zake, mawasiliano yake. Tatu, ueleze ni nini kinaweza kufutwa, na nani, na baada ya ilani gani. Na simu ya mtu binafsi isisajiliwe kamwe isipokuwa kwa mtindo wa vyumba viwili. Nne, uweke saa. Ufaransa ilianza kutekeleza haki ya mfanyakazi kutojibu simu za kazi nje ya saa za kazi Januari 1, 2017, na hapa kwetu Seneta Samson Cherargei aliwasilisha mswada wenye lengo hilo mwaka wa 2022. Hakuna kinachoizuia shule kujiwekea kanuni hiyo bila kungoja Bunge. Tano, uwepo utaratibu mbadala kwa asiye na simu ya kisasa, ili umaskini wa kifaa usihesabiwe kuwa uvivu wa kazi. Sita, waraka wote uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, ambazo kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ndizo lugha rasmi za Jamhuri.

Kuhusu sharti hilo la sita, najua patakuwa na kilio cha kawaida kwamba Kiswahili hakina istilahi. Mwaka wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Ikiwa hilo liliwezekana wakati huo, kuandika kurasa mbili za masharti leo hakuwezi kutushinda. Wanafunzi wetu wa isimu na tafsiri huchagua mada za utafiti kila mwaka. Nao walimu wa Kiswahili wamo katika kila shule ya nchi hii. Wachukue masharti ya programu moja tu inayotumika shuleni mwao, wayaandike upya kwa Kiswahili ambacho bawabu na mwalimu mkuu wote watakielewa. Nina hakika kwamba katika kuyaandika watagundua masharti ambayo hakuna aliyejua ameyakubali.

Vyama vya KNUT na KUPPET navyo visiliachie jambo hili kwa mafundi wa mitambo. Vinapoketi kujadiliana na mwajiri kuhusu mishahara na marupurupu ya nyumba, suala la simu liwekwe mezani, kwa sababu shilingi mia moja za bando kila wiki ni shilingi zilizokatwa mshahara bila kuonekana katika hati ya malipo. Kwa mwanafunzi anayesoma makala haya, ushauri wangu ni kwamba siku atakapopewa barua yake ya kwanza ya ajira, aulize kabla ya kutia sahihi: je, kazi hii itaishi katika simu yangu, na kwa masharti gani? Akijibiwa kwamba hayo ni mambo madogo, na aombe yaandikwe, maana jambo dogo halina ugumu wa kuandikwa.